Mashine ya Kukatia Nyasi Iliyolala Miaka Mingi: Kuifufua, Kuifunga Injini Nyingine au Kuiuza?

Si ajabu kuingia kwenye stoo ya shule ya bweni, ya parokia au ya hoteli ya kitalii na kukuta mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuendesha kwa kukaa, imefunikwa turubai na kurundikiwa viti vibovu. Pengine ilifika ikiwa imetumika, ndani ya kontena kutoka Uingereza au Marekani, ikafanya kazi misimu michache, kisha ikasimama siku kipuri kimoja kilipokosekana au mtu aliyeizoea alipostaafu. Uwanja unapogeuka pori, uongozi hukutana na swali ambalo halina jibu la haraka: je, ifufuliwe injini iliyopo, ifungwe injini nyingine, au iuzwe kwa vipuri na chuma chakavu na fedha zikanunue mashine za kufyekea za kubeba begani?

Maoni yangu ni kwamba njia ya kwanza hushinda mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila kwa masharti mawili: kwamba injini inazunguka, na kwamba deki, yaani kava la chuma linalofunika visu, halijaliwa na kutu. Injini iliyozimwa ikiwa nzima haifi kwa sababu ya kulala. Vinavyokufa ni petroli, betri, mipira na waya, na vyote hivyo vinabadilishika. Wengi huanza kwa kukadiria bei ya injini mpya, ilhali kitu kinachoamua hatima ya mashine kiko chini yake, mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama.

Ijulikane kwanza ipo katika hali gani

Kulinganisha njia hizi kabla ya kuifungua mashine ni kupiga ramli. Uchunguzi wa kwanza hauhitaji fedha, unahitaji spana ya plagi, bisibisi na subira. Ondoa waya za betri, chomoa plagi, kisha toa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka nyeupe inaeleza kwamba maji yameingia. Oili iliyopanda juu ya alama na inayonuka petroli inaeleza kwamba sindano ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilishindwa kufunga, na mafuta ya tangi yakateremka taratibu hadi ndani ya injini. Katika hali zote mbili oili imwagwe kabla ya jambo lolote lingine, kwa sababu petroli huondoa uwezo wa oili kulainisha, na dakika chache za kuzunguka hivyo zinatosha kukwangua beringi na shafti. Oili mpya haitakuwa mzigo mkubwa: injini nyingi za silinda moja za mashine hizi huchukua takriban lita 1.4, na za silinda mbili takriban lita 1.9, na kwa joto la ukanda wetu oili ya daraja la SAE 30 inafaa.

Baada ya hapo fungua kava la feni lililo juu ya injini. Hapo ndipo mashine husema ukweli wake. Mara nyingi utakuta kiota cha panya kilichosukwa kwa nyasi kavu, nyuzi za magunia na vipande vya nailoni, kimejaza mapezi yote ya silinda. Pembeni yake alumini imepauka na kuchimbika kwa mkojo, na waya mwembamba unaotoka kwenye koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche, umetafunwa hadi shaba inang'aa. Injini hizi hupozwa kwa hewa peke yake. Mtu atakayeiwasha bila kuondoa kiota hicho atafurahia mngurumo wake kwa muda mfupi, kisha injini itajipika. Chungulia pia mdomo wa eksozi na tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi, kwani nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda sana matundu ya ukubwa huo, na tangi lisilopumua huzima injini baada ya muda hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Sasa izungushe flaiwili, gurudumu zito lililo juu ya injini, kwa mkono, au kwa spana kwenye nati yake, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ikizunguka kwa ulaini, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na uzungushe tena: kidole kikisukumwa nje kwa nguvu, mgandamizo upo. Nisingependekeza kutegemea kipimo cha mgandamizo cha gereji ya magari, kwa sababu injini nyingi za aina hii zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, hivyo namba ndogo kwenye kipimo inaweza kumfanya fundi aihukumu injini nzima kuwa imekwisha. Ikigoma kabisa kuzunguka, usiipige stata kwa nguvu; suala hilo nitalirudia.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachogawanya njia. Hakikisha plagi inatoa cheche, kisha dondosha petroli safi kiasi cha kijiko kidogo ndani ya koo la kabureta na upige stata. Injini ikiwaka sekunde chache na kuzima, umeme ni mzima, mgandamizo ni mzima, na tatizo lako lote liko kwenye njia ya mafuta. Matokeo haya ndiyo ya kawaida kuliko yote kwa mashine iliyolala, na ndiyo ya bei nafuu kuliko yote.

Kabureta: kuisafisha au kununua nyingine

Petroli ikikaa hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka kwa urahisi, na zile nzito hubaki zikigeuka gundi. Briggs & Stratton, kampuni ambayo injini zake zimefungwa kwenye mashine nyingi za majina tofauti, huonya kwamba mafuta yanaweza kuanza kuharibika ndani ya siku 30. Kwa mashine iliyotoka Marekani ikiwa na mabaki ya mafuta ya huko, ambayo kwa kawaida huchanganywa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ethanoli hunyonya unyevu wa hewa na maji hayo hutuama kwenye bakuli la kabureta na kuanza kula metali.

Ukilifungua bakuli hilo, tazama unachokikuta kabla ya kuamua chochote. Tabaka la rangi ya kahawia linalonata kama asali iliyokauka ni habari njema, kwani dawa ya kusafishia kabureta, waya mmoja mwembamba wa shaba na hewa ya kompresa vitaliondoa. Unga mweupe uliovimba kutoka kwenye alumini, pamoja na vishimo vinavyoonekana hata baada ya kuufuta, ni habari nyingine kabisa, kwa sababu mwili wa kabureta wenyewe umeanza kuliwa na njia ndogo za ndani hazitasafishika kikamilifu. Jeti kuu, kile kipande chenye tundu dogo la kupimia mafuta, ishikilie dhidi ya mwanga: tundu lake liwe duara kamili. Likiwa na ukungu, bado lina gundi. Usilichokonoe kwa sindano ya kushonea wala kwa chuma kigumu, maana ukilipanua hata kidogo injini itakunywa mafuta kupita kiasi.

Kabureta mpya zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ile halisi ya kiwanda ni ghali, na kwa mwagizaji wa Afrika Mashariki usafirishaji na ushuru huiongezea bei hadi ikaribie kuondoa maana ya ukarabati. Ile ya kuiga huuzwa mtandaoni kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, kwa kawaida ikija na gasketi, filta na hata plagi ndani ya pakiti moja. Nyingi za kuiga hufanya kazi, lakini jeti zake haziaminiki sana na mashimo ya kufungia fito za gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, wakati mwingine hayaketi mahali pake, jambo linaloifanya injini ipande na kushuka sauti bila kutulia. Kwa hiyo mpangilio wangu wa upendeleo uko wazi: kabureta ya asili iliyosafishwa kwanza, ya kuiga pili endapo mwili wa asili umeliwa, na ya kiwanda endapo mashine ni ya kazi kubwa ya kila siku, kama ya uwanja wa gofu, ambako kusimama kwa wiki moja kunagharimu zaidi ya kipuri.

Vyovyote utakavyochagua, mpira wa mafuta, filta yake na mafuta yote ya tangi yabadilishwe siku hiyo hiyo. Kuweka kabureta safi mbele ya mpira wa zamani unaomomonyoka ndani ni kuirudisha kazi ile ile mezani baada ya wiki. Jambo jingine ambalo hukosewa ni kile kidude cha umeme kilicho chini ya bakuli, solenoidi ya kuzuia mafuta, ambayo hutakiwa kutoa mlio mdogo unapofungua swichi. Isipolia, kabureta yoyote utakayoifunga haitapitisha mafuta, na si haki kuilaumu.

Walio nyanda za juu wana suala lao la ziada. Kabureta za mashine hizi kwa kawaida hupangwa kwa miinuko ya chini. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji wa injini ni kwamba nguvu hupungua takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Nairobi, iliyo karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni takriban asilimia 20 ya nguvu iliyoandikwa kwenye boneti. Ukiona moshi mweusi na plagi yenye masizi makavu baada ya kazi yote, kabla hujasema kabureta haikusafishwa vizuri, fikiria jeti ndogo zaidi inayotengenezwa kwa ajili ya miinuko. Jeti hiyo haitarudisha nguvu yote iliyopotea, ila moshi na ulaji wa mafuta vitapungua.

Betri na waya

Betri iliyolala miaka mingi bila chaji huwa imekufa, na muda unaotumika kuibembeleza ni muda uliopotea. Pima volti zake baada ya kuichaji usiku kucha na kuiacha ipumzike: betri nzima ya volti 12 husoma takriban 12.6, na inayobaki kwenye 10.5 ina seli moja iliyokufa. Kwa majaribio, azima umeme wa betri ya gari kwa waya, injini ya gari ikiwa imezimwa, na usinunue betri mpya hadi injini itakapowaka yenyewe.

Ukifika wakati wa kununua, utakuta kwamba betri ya saizi ya U1 inayotumika kwenye mashine hizi ni adimu katika maduka yetu. Betri za magari madogo ya Kijapani za saizi ya NS40 zina urefu na upana unaokaribiana nayo, lakini kimo chake ni kikubwa zaidi, na kisanduku cha betri mara nyingi kipo chini ya kiti cha chuma. Pima nafasi hiyo ukiwa umekikalia kiti, kwa kuwa kiti kikishuka na kugusa vichwa vya betri, cheche zitatokea jirani na tangi la petroli.

Stata ikikaa kimya kabisa ingawa betri ni nzima, tafuta swichi za usalama kabla ya kuituhumu stata. Ipo ya kiti, ya pedali ya breki na ya visu, na mojawapo ikishika kutu mashine hunyamaza. Mafundi wengi huziunganisha waya moja kwa moja ili wamalize kazi, na mteja hushukuru. Nashauri swichi ya kiti na ya visu zisiguswe kamwe kwa namna hiyo, hasa mahali penye watoto kama shuleni, kwani zipo ili visu visimame pindi dereva anapoanguka au kushuka.

Mikono yako au ya fundi

Hadi hapa kazi yote iko ndani ya uwezo wa mtu makini mwenye spana. Anayetaka kuikabidhi kwa mwingine huwa na machaguo mawili, na la bei ya chini si lazima liwe duni. Fundi wa pikipiki aliyezoea kabureta za Boxer, au fundi wa jenereta, ataielewa injini ya silinda moja bila kufundishwa, na atakuwa na dawa, kompresa na gasketi ya kukata kwa mkasi. Udhaifu wake uko kwenye vitu ambavyo pikipiki haina: mikanda mirefu inayopita chini ya mashine, klachi ya umeme ya visu na gia za haidrostatiki, yaani zinazoendeshwa kwa shinikizo la oili. Wakala wa mashine za kilimo anavijua vyote hivyo na anaweza kuagiza kipuri kwa namba yake, lakini gharama ya kumsafirisha kutoka jijini hadi shule ya kijijini inaweza kumeza bajeti nzima. Mgawanyo unaofaa, kwa maoni yangu, ni kumpa fundi wa jirani injini, na kumwachia wakala swali la gia na vipuri vya kuagiza.

Yeyote utakayemchagua, mpe namba za injini, wala si jina lililopakwa kwenye boneti. John Deere, Husqvarna na Craftsman ni majina ya mashine; injini iliyo ndani inaweza kuwa ya Briggs & Stratton, Kohler au Kawasaki. Kwenye injini za Briggs namba hizo huwa tatu, modeli, aina na kodi (code), zimepigwa kwenye bati la kava, na tarakimu za mwanzo za kodi hutaja mwaka, mwezi na siku ya kutengenezwa. Bila namba hizo utaletewa gasketi inayofanana kwa macho na isiyokaa.

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani mizani hii hugeuka. Huko kipuri ni rahisi na mkono wa fundi ndio ghali, kiasi kwamba ujira wa saa moja waweza kuzidi bei ya kabureta ya kuiga. Mashine iliyolala gereji ya jirani hupatikana kwa bei ndogo au bure, na mwenye kupenda kujifanyia kazi mwenyewe hana sababu kubwa ya kuogopa.

Injini iliyokwama: kuilegeza au kuibadilisha

Tukirudi kwa ile iliyogoma kuzunguka, lipo swali la kujiuliza kwanza: ilikwama ikiwa inafanya kazi, au ilikwama ikiwa imelala? Kama yupo mtu anayekumbuka kwamba ilizimika ghafla kwa kishindo siku ya mwisho, oili ilikuwa imekwisha, na hapo nguzo ya pistoni huenda imeungana na shafti. Injini ya namna hiyo haifai kupotezewa dawa.

Iliyokwama kwa kulala kwa kawaida ina kutu tu kati ya ringi na ukuta wa silinda. Mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la plagi, yaache siku kadhaa ukiongeza kila yanapopungua, kisha jaribu nati ya flaiwili kwa spana ndefu, ukiisukuma mbele na nyuma kwa upole. Ikiachia, izungushe mara nyingi plagi ikiwa nje ili mafuta yatoke, na ubadilishe oili. Itafuka moshi mwanzoni. Hilo lisikutishe, isipokuwa moshi wa buluu ukiendelea baada ya saa kadhaa za kazi.

Kuna injini nyingine inayozunguka vizuri ila haina mgandamizo, na hii hudhaniwa kuwa imekufa bila sababu. Fungua kifuniko cha vali. Vali iliyokaa wazi miaka mingi hushika kutu ndani ya njia yake, na injini ilipopigwa stata fito ya kuisukuma ikapinda au ikachomoka. Vali hulegezwa kwa mafuta na kugongwa taratibu kwa kipande cha mbao, fito hununuliwa kwa bei ndogo, na gharama inaishia hapo. Kinyume chake ni injini inayokataa kuvuka mgandamizo, inayozunguka nusu na kusimama kana kwamba betri ni dhaifu. Pengine nafasi ya vali imepanuka hadi kile kifaa cha kupunguza mgandamizo hakifanyi kazi, na marekebisho yake yanahitaji fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na spana mbili.

Kubadilisha injini kunavutia kwa sababu maduka ya Kariakoo na ya mitaa ya Nairobi yamejaa injini ndogo za Kichina zilizoigwa kutoka Honda GX. Tatizo ni kwamba injini hizo, zilizokusudiwa kwa pampu za maji na mashine za kusaga, zina shafti ya kulala, ilhali mashine nyingi za kukatia nyasi za kuendesha kwa kukaa zina injini ya shafti ya kusimama inayoelekea chini kwenye puli za mikanda, mara nyingi yenye unene wa inchi 1. Hakuna uchomeleaji wa busara utakaoigeuza moja kuwa nyingine. Injini ya shafti ya kusimama italazimika kuagizwa, na pamoja na bei yake utalipia eksozi inayolingana, mfumo wa kuchaji unaoendana na waya zilizopo, na urefu wa shafti unaoifikia klachi. Ikiwa iliyopo ni Tecumseh, ujue kwamba kampuni hiyo iliacha kutengeneza injini za petroli mwaka 2008, hivyo kila kipuri kimekuwa cha kutafuta. Ya Kohler haina shaka hiyo. Kitengo cha nishati cha Kohler, kinachotengeneza injini, kilibadilishwa jina kuwa Rehlko mwaka 2024, na vipuri vinaendelea kutengenezwa.

Kwa hiyo injini mpya ina maana pale tu mashine yenyewe ni ya daraja la juu, yenye deki ya bati nene na gia imara, na ambapo injini ya zamani imekufa kwa ushahidi, si kwa kudhaniwa.

Deki na gia, vinavyoamua

Inua mbele ya mashine, iegemeze juu ya magogo imara na si juu ya jeki peke yake, ondoa waya wa plagi, kisha ingia chini na bisibisi butu. Kwangua nyasi zilizogandamana. Nyasi mbichi zilizoachwa chini ya deki hushikilia unyevu miaka yote ya kulala, na kutu huanzia chini ya ganda hilo. Gonga bati kuzunguka mihimili ya visu. Kishimo kimoja pembeni huchomelewa bati jipya na maisha yakaendelea. Bisibisi ikipenya karibu na mahali mhimili unapofungwa, shaka iwe kubwa, kwa kuwa pale ndipo kisu kinachozunguka kwa kasi kubwa hushikiliwa, na bati likipasuka kazini kitu kitarushwa.

Beringi za mihimili hazipaswi kukutia hofu. Nyingi ni za saizi ya kawaida, kama namba 6203, inayopatikana katika duka lolote la beringi. Mikanda ni suala jingine: mkanda wa gari wenye upana ule ule utaingia kwenye puli, lakini mkanda wa mashine hii umetengenezwa kwa nyuzi ngumu za aramidi ili uvumilie klachi inayobana na kuachia, na ule wa gari huteleza na kuungua mapema. Unaweza kuutumia kwa majaribio.

Gia za kawaida za kubadilisha kwa mkono hustahimili kulala vizuri sana. Za haidrostatiki zinahitaji uangalifu. Boksi la Tuff Torq K46, lililofungwa kwenye mashine nyingi nyepesi, linafanya kazi vizuri penye tambarare, ila likichoka huanza kuishiwa nguvu kwenye mteremko pindi linapopata joto, na kubadilisha oili yake kunahitaji kuliteremsha lote. Kabla ya kulihukumu, tazama kama kijiti cha kuachia gia, kinachotumika mashine inaposukumwa, hakikusahaulika kikiwa kimevutwa, na kama mkanda wake haujalegea. Kisha litoe hewa, magurudumu ya nyuma yakiwa juu, kwa kupeleka pedali au wenzo wa mwendo mbele na nyuma taratibu, kijiti cha kuachia kikiwa kimevutwa na tena kikiwa kimerudishwa. Boksi lililochoka kwa kweli linatosha kuigeuza mashine nzima kuwa ya kuuzwa, hata kama injini inanguruma.

Kuiuza na kubaki na mashine za begani

Hapa ukubwa wa uwanja ndio unaosema. Mashine yenye deki ya inchi 42, sawa na takriban sentimita 107, ikienda kilomita 5 kwa saa, hufyeka zaidi ya mita za mraba 4,000 kwa saa hata ukiondoa muda wa kugeuza na kupishanisha mistari. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unakatwa chini ya saa mbili na mtu mmoja aliyekaa. Kazi hiyo hiyo kwa mashine ya begani ni ya kutwa na mgongo, na nyasi hubaki na mawimbi. Mwenye uwanja wa mpira na bustani kubwa anapata hasara halisi akiiuza mashine inayoweza kufufuliwa.

Mwenye eneo dogo, lenye miti, mawe na matuta, yuko katika hali tofauti kabisa. Mashine ya kukaa haipiti kati ya miti bila kuacha pembe ambazo mtu atazimalizia kwa mkono, na mawe huharibu visu na mihimili. Kwake mashine mbili za begani, ambazo plagi, nailoni na vipuri vyake vipo kila mji, zina faida kubwa zaidi kuliko mashine moja inayosubiri kontena. Akiamua kuiuza, auze ikiwa inawaka. Tofauti ya bei kati ya mashine inayonguruma mbele ya mnunuzi na ile inayosemwa kwamba ina tatizo dogo tu huzidi sana gharama ya kusafisha kabureta, na mnunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo bila kujali nini kiko ndani.

Kwa watakaobaki nayo, lipo chaguo moja dogo la mwisho kila msimu wa kiangazi unapokaribia. Unaweza kumwaga tangi na kuiacha injini iendelee hadi bakuli la kabureta likauke, au kujaza tangi petroli safi yenye dawa ya kuihifadhi na kuiendesha dakika kama kumi ili dawa ifike kwenye kabureta. Njia ya pili hulinda vizuri tangi la chuma dhidi ya kutu na huzuia gasketi kukauka, ila dawa hiyo haipatikani kila mahali na ina ukomo wake. Kwa tangi la plastiki, ambalo ndilo la kawaida, na kwa mahali ambapo dawa haipo, kausha kila kitu, chomoa betri uipeleke mahali panapochajika, na uzibe mdomo wa eksozi kwa kitambaa chenye rangi kali ambacho hakuna atakayekisahau siku ya kuwasha.